Wazee wa Nauvoo: Maneno Kabla ya Safari

Shikamooni wazee wangu, baba zangu na mama zangu. Na ninyi vijana mliowaleta, habari za jioni.

Mama mwenyekiti aliniomba niwaeleze tutakachokiona Jumamosi tukifika Nauvoo, ule mji wa kihistoria wa Illinois. Nikamwomba anikubalie niongee zaidi juu ya watu tutakaowakuta, kwa sababu nyumba za matofali mekundu mtaziona kwa macho yenu, na farasi hawahitaji mkalimani. Watu ndio mnaoweza kuwapita bila kuwaelewa. Mtamkuta bibi wa miaka sabini na kitu, amevaa gauni refu la zamani na kofia ya kitambaa iliyofungwa chini ya kidevu, anawapa biskuti na kutabasamu, mkadhani ni mwigizaji wa kulipwa au mfanyakazi wa makumbusho. Hakuna anayemlipa hata senti. Tena yeye ndiye anayelipa ili awepo pale.

Niseme mapema kwamba mimi si muumini wa kanisa la wazee hawa, wale wanaoitwa Wamormoni. Humu ndani wengi wetu ni Wapentekoste na Wakatoliki, na ndugu zetu Waislamu wapo pale mstari wa nyuma, karibuni sana. Sikuja kumhubiria mtu. Nimekuwa nikiwapeleka wageni Nauvoo kwa sababu ni karibu, ni bure, na kuna jambo pale juu ya uzee ambalo sijaliona kwingine katika nchi hii.

Kwa waliofika karibuni kutoka kambi ya Nyarugusu kule Tanzania na ambao bado hawajauzoea mkoa huu: mto ule mnaouona tukivuka kati ya Moline na Davenport ndio Mississippi, na Nauvoo iko ukingoni mwa mto huohuo, kusini kwetu, mwendo wa kama saa mbili kwa gari. Leo ni kimji cha watu kama elfu moja. Mwaka 1839 walifika hapo wafuasi wa Joseph Smith, mwanzilishi wao, wale ambao kanisa lao linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ingawa mtaani watu bado wanawaita Wamormoni. Walikuwa wamefukuzwa Missouri. Gavana wa jimbo lile, Lilburn Boggs, alitoa amri tarehe 27 Oktoba 1838 kwamba waangamizwe au watimuliwe jimboni. Amri ya maandishi kabisa, yenye sahihi.

Walipopata pa kukaa palikuwa kinamasi. Kiangazi cha kwanza malaria iliwaangusha familia nzima nzima. Naona wazee wa Fizi, kwetu Kongo, wanacheka; ndiyo, malaria, hapahapa Illinois. Walichimba mitaro, wakakausha ardhi, wakajenga, na miaka mitano baadaye mji ulikuwa na watu kama 12,000, unashindana na Chicago ya wakati ule. Tarehe 27 Juni 1844 Joseph Smith na kaka yake Hyrum waliuawa na kundi lenye silaha ndani ya jela ya Carthage, mji wa jirani. Chuki haikuishia hapo. Tarehe 4 Februari 1846 wa kwanza wakaanza kuvuka mto kwenda magharibi, na baadaye mwezi huohuo maji yakaganda, wengine wakapita juu ya barafu. Hekalu walilokuwa wamelijenga kwa jasho liliteketezwa kwa moto mwaka 1848, na mwaka 1850 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya kuta zilizobaki.

Sitaendelea na historia hiyo. Mtu aliyewahi kutoka nyumbani usiku na sufuria kichwani na mtoto mgongoni hahitaji kuelezwa Parley Street ni nini, ile barabara inayoteremka moja kwa moja hadi mtoni. Mtatembea pale wenyewe.

Sasa, mji ulilala zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1954 daktari mmoja wa Salt Lake City, J. LeRoy Kimball, alinunua nyumba iliyokuwa ya babu wa baba yake, Heber C. Kimball, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa kanisa, akaanza kuikarabati. Watu walikuwa wanagonga mlango wakiomba kuiona hata kabla hajahamia. Mwaka 1962 kikaundwa chombo cha kanisa cha kufufua mji mzima, nyumba baada ya nyumba, na mwaka 2002 hekalu jipya likawekwa wakfu palepale kilimani pa lile la kwanza. Lakini hebu fikirini kama watu wanaojua nyumba. Una nyumba kadhaa, duka la mhunzi, duka la viatu, posta, kiwanda cha kuchapa magazeti, mahali pa kuoka mikate, na hakuna anayelala ndani. Nyumba isiyolaliwa inakufa haraka. Vumbi, panya, buibui, unyevu wa mto, mbao zinavimba. Nani atafungua madirisha asubuhi? Nani atawasha moto? Kuajiri watu wote hao ni fedha nyingi. Kanisa likawaita wastaafu wake.

Ndio hao wanaitwa wamisionari wazee. Wengi ni mume na mke, miaka ya sitini na sabini, watoto wao wameshakua na kuondoka. Wapo pia kina mama wajane au wasioolewa. Wanatoka Utah, Idaho, Arizona, California na kwingineko. Wanajaza maombi, wanaeleza wangependa nini na afya zao zikoje, kisha barua ya wito inatoka makao makuu Salt Lake City. Muda ni miezi sita, au mwaka, au mwaka na nusu, wengine karibu miaka miwili. Na gharama zote ni zao: kodi ya nyumba, chakula, mafuta ya gari, bima ya afya. Wanafunga nyumba yao au wanampangisha mtu, wanapakia gari, wanaendesha siku mbili tatu kuvuka nusu ya Marekani. Wakifika wanaitana Mzee na Dada, hata huyo dada awe na vitukuu.

Siku yao inaanzia bandani. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, mnivumilie. Kuna wazee waliopangiwa farasi na maksai, na banda linaamka kabla ya mji. Farasi wale ni wa kuvuta mizigo, warefu, ukisimama kando ya mmoja unaona bega lake liko juu ya kichwa chako. Lazima walishwe, wanyweshwe, wapigwe brashi, wakaguliwe kwato, wavalishwe kola na mikanda na hatamu kwa mpangilio uleule kila siku, maana mkanda mmoja ukikaa vibaya unamchubua mnyama na siku yake ya kazi imekwisha. Samadi inazolewa. Mzee anayefanya hivi pengine alikuwa mkulima, lakini pia anaweza kuwa alikuwa mhasibu maisha yake yote na hakuwahi kushika hatamu. Anafundishwa. Anaendesha na mwenye uzoefu pembeni mpaka aaminiwe na abiria. Mkewe mara nyingi ndiye anayekaa na abiria kwenye gari la farasi na kusimulia wakati gari likipita katikati ya nyasi na viwanja vitupu: hapa palikuwa na nyumba ya fulani, pale palikuwa na bustani. Kwa hiyo mume anatazama masikio ya farasi, mke anatazama nyuso za watu, na siku nzima wanaongea wao kwa wao kwa kugeuza shingo tu.

Wengine wanakutana asubuhi kwa sala, maelekezo na ratiba. Ratiba inabadilishwa mara kwa mara. Leo uko kwa mhunzi, kesho uko posta, keshokutwa uko nyumbani kwa Brigham Young, yule aliyewaongoza kwenda magharibi. Maana yake kila mmoja anapaswa kujifunza habari za nyumba nyingi: nani aliishi, alikuwa na watoto wangapi, nani alifia pale, jiko lilifanyaje kazi. Watu wa miaka sabini wanakaa usiku na daftari wakikariri kama wanafunzi wa darasa la saba. Mama mmoja wa Idaho aliniambia kilichomtisha zaidi si umri wala baridi, ni kusahau jina la mtu mbele ya kitukuu wa mtu huyo.

Halafu funguo, madirisha, ufagio. Hakuna anayewafagilia. Mwenye zamu ya nyumba ndiye anayepangusa vioo, anayefuta alama za vidole vya watoto kwenye meza, anayetoa buibui kwenye kona. Kwa wageni inaonekana kama nyumba iko hivyo siku zote. Mimi nimefanya kazi ya usafi hotelini hapa Moline, najua hakuna nyumba iliyo hivyo siku zote.

Saa tatu au saa nne, kutegemea msimu, milango inafunguliwa. Kwa mhunzi mtamwona mzee akipuliza moto, akipiga chuma, akieleza jinsi gurudumu la gari lilivyovalishwa pete ya chuma. Wana desturi ya kukunja msumari wa kiatu cha farasi kuwa pete ya kidoleni, wanaiita kwa utani almasi ya nyika, na wageni wanapewa bure. Kwenye kiwanda cha matofali wanaeleza udongo ulivyochimbwa, ukakanyagwa na kuchomwa. Kwenye duka la mikate la Scovil mnapewa biskuti ya tangawizi. Kwenye jengo la kazi za nyumbani wanasokota kamba, wanachovya mishumaa, wanafuma, wanafinyanga vyungu, wanaoka mkate.

Hapo kwenye kamba ngoja nisimame. Mara ya mwisho nilikuwa na babu mmoja wa kwetu, mtu wa Uvira, hayupo leo. Dada mmisionari alikuwa anatuonyesha mashine ya mbao yenye mkono wa kuzungusha. Unafunga nyuzi upande huu, mtoto anashika upande ule, unazungusha, kamba inajisokota. Akaeleza vizuri sana. Babu akanivuta shati akaniambia, mwanangu, mbona anahitaji mashine? Nikamtafsiria yule dada. Akampa babu nyuzi. Babu akapandisha suruali, akasokotea kwenye paja, mara mbili tatu, akampa kamba iliyokaza kuliko ya mashine. Dada yule akaomba afundishwe. Akakaa kwenye benchi na gauni lake refu, akashindwa, wakacheka wote wawili hadi kundi lililofuata likalazimika kusubiri mlangoni. Babu hakuwahi kuulizwa kitu na Mmarekani yeyote tangu afike nchi hii isipokuwa jina lake na tarehe ya kuzaliwa.

Nalisema hili kwa sababu baadhi yenu ni mafundi. Humu kuna seremala, kuna mama waliofinyanga vyungu vya kupikia, kuna mtu aliyefua majembe. Msiende pale mkakaa kimya kama wageni wa msibani. Wale wazee kazi hiyo wamejifunza kwa miezi michache, na wanajua hivyo. Waulizeni, wasahihisheni, ombeni nyundo.

Nirudi kwenye siku yao. Kinachochosha si uzito wa kazi, ni kurudia. Basi moja likitoka, jingine linaingia, na kila kundi linataka kusikia kana kwamba ni mara ya kwanza. Kiangazi, hasa Julai wakati wa maigizo makubwa ya usiku uwanjani, watu ni wengi mno. Joto la bondeni lile ni la unyevu, na dada amevaa gauni hadi kifundo cha mguu, mikono mirefu. Yule mama wa Idaho aliniambia mbinu yake: katika kila kundi anachagua uso mmoja, aghalabu mtoto aliyechoka, anamsimulia huyo tu, wengine wanasikia. Na viatu! Wanasimama kwenye sakafu ya mbao kutwa, kwa hiyo wanatafuta viatu vyeusi vinavyofanana na vya zamani lakini soli ni laini ya kisasa. Mkitazama chini mtaviona. Msiseme.

Ofisi ya ardhi na kumbukumbu ni kazi ya namna nyingine kabisa, ya kukaa kitako. Wazee wale wanahifadhi na kupekua habari za watu walioishi Nauvoo ya mwaka 1839 hadi 1846. Mgeni anaingia, anataja jina la babu wa babu yake. Wanatafuta. Wakimpata, wanamwonyesha kiwanja chake kwenye ramani, mtaa gani, kona ipi. Nimemwona mwanamume mzima, mnene, kofia ya besiboli kichwani, anatoka pale na karatasi, anakwenda kusimama kwenye nyasi tupu ambako hakuna hata jiwe, analia kwa sauti. Mmisionari aliyempa karatasi alikuwa mlangoni anamtazama, naye anajifuta macho, kisha akarudi ndani kwa sababu mwingine alikuwa anasubiri. Sisi wengine tumeacha viwanja Uvira, Fizi, Kalemie, na hakuna ofisi ya kwenda kuuliza. Siku ile nilikaa kwenye gari kwa muda kabla ya kuwasha.

Jioni mtu angetarajia walale. Wengi hawalali. Kuna mchezo wa jukwaani wa vichekesho na nyimbo unaochezwa na wamisionari wazee wenyewe, wameufanyia mazoezi kati ya zamu. Kiangazi kuna onyesho la ufukweni jua likizama, ambapo vijana wasanii waliokuja kwa msimu wanaimba pamoja nao. Wazee wasiojua kuimba wanaimba. Wasiojua kucheza wanacheza, magoti yakilalamika. Na kuna majira ya kiangazi ambapo wadudu wenye mabawa hutoka mtoni kwa wingi wa ajabu, wanaufuata mwanga wa taa, wanaanguka mabegani mwa waimbaji, chini wanakanyagwa na kuteleza. Wanaendelea kuimba. Baadhi ya wazee wanahudumu pia hekaluni kule juu kilimani. Huko sisi hatutaingia, ni kwa waumini wao walioruhusiwa, tutaliona kwa nje tu.

Siku moja kwa wiki ni ya mapumziko, na mapumziko yenyewe ni kufua na kwenda dukani. Nauvoo haina duka kubwa. Wanavuka mto kwenda Keokuk au Fort Madison upande wa Iowa. Daraja la Fort Madison ni la mwaka 1927, treni zinapita chini, magari juu, na sehemu yake moja inazunguka kupisha matishari ya mizigo. Ukilikuta limefunguliwa unazima injini, unangoja, aiskrimu inayeyuka kwenye buti. Bwawa la Keokuk, lililokamilika mwaka 1913, ndilo lililopandisha maji, kwa hiyo mto mtakaouona mbele ya Parley Street ni mpana kuliko ule waliouvuka wakimbizi wa 1846, na sehemu ya ukingo wa zamani iko chini ya maji.

Baridi ikija wageni wanapungua sana. Unaweza kukaa nyumbani kwa Wilford Woodruff, kiongozi mwingine wa zamani, asubuhi nzima umewasha taa, umevaa gauni lako, asije mtu. Wanatumia muda huo kusafisha kwa kina, kushona, kujifunza nyumba mpya, kuandika barua. Wengine huendesha hadi Keokuk kutazama tai wenye vichwa vyeupe wanaokusanyika chini ya bwawa, ambako maji hayagandi. Ndiyo miezi migumu. Mjukuu anazaliwa Arizona, wanamwona kwenye simu. Ndugu anafariki. Mmoja anaanguka kwenye barafu, nyonga, na wito unakatishwa, wanarudi nyumbani kabla ya wakati. Hakuna anayewaahidi kwamba umri utasimama kwa sababu wako kazini mwa Mungu, na wao hawadai hivyo.

Sasa niseme na yale yanayonikera, maana nikisifu tu mtaniona nimelipwa.

La kwanza ni fedha. Mpango huu ni wa mtu mwenye pensheni, nyumba iliyolipiwa na gari zima. Mzee wa kwetu aliyefika hapa na miaka sitini na mbili, akafanya kazi kiwanda cha nyama mpaka mgongo ukakataa, hawezi kukaa mwaka mzima mahali anajilipia kodi mwenyewe. Kwa hiyo mtakapowaona wazee wale na afya zao na meno yao mazuri, msijilinganishe vibaya. Walianza mbio mbele yetu.

La pili ni rangi, na hili nitalisema wazi kwa sababu watoto wetu watauliza. Hadi Juni 1978 kanisa lile halikuruhusu mwanamume mweusi kupewa ukuhani, na weusi, wanaume kwa wanawake, walizuiwa ibada kuu za hekaluni. Mzee wa miaka sabini na tano mtakayemkuta akiendesha farasi alikuwa mtu mzima siku hiyo, anaikumbuka. Nimeshamuuliza mmoja. Hakukwepa. Aliniambia alikuwa wapi, nani alimpigia simu, na kwamba alifurahi, na kwamba hajui kueleza kwa nini ilichukua muda mrefu vile. Nililiheshimu jibu hilo kuliko maelezo marefu. Na mwulizeni pia habari za Jane Manning. Huyu alikuwa mwanamke mweusi huru wa Connecticut. Mwaka 1843 yeye na ndugu zake walisafiri kwenda Nauvoo. Buffalo hawakupata nafasi ya kupanda meli, wakatembea kwa miguu kiasi cha maili 800. Viatu viliisha, nyayo zikapasuka, wakaacha damu njiani. Alifika, akafanya kazi katika nyumba ya Joseph Smith, akaenda magharibi, akafia Salt Lake City mwaka 1908. Ukitaja jina lake utaona mmisionari anachangamka, kwa sababu wengi wanamjua.

La tatu, kuna habari ambazo hazisimuliwi kwa bidii sawa. Kwenye kiwanda cha uchapaji mtaelezwa jinsi herufi za risasi zilivyopangwa na gazeti la Times and Seasons lilivyotoka. Kulikuwa na gazeti jingine, Nauvoo Expositor, la watu waliokuwa wameasi na kumshutumu Joseph Smith, pamoja na mambo mengine, kwa ndoa za wake wengi. Lilitoka toleo moja tu, tarehe 7 Juni 1844. Siku tatu baadaye mtambo wake uliharibiwa kwa amri ya baraza la mji, na jambo hilo ndilo lililompeleka jela ya Carthage. Ulizeni kwa adabu, watajibu. Lakini bila kuuliza unaweza kutoka umejaa biskuti na picha nusu.

Tena mjue kwamba wazee wa Nauvoo walikuwa wa makanisa mawili. Baadhi ya waumini hawakwenda magharibi, na kanisa lililotokana nao, Community of Christ, lilitunza nyumba za familia ya Smith upande wa mtoni kwa miaka mingi, kwa waongozaji wao wenyewe. Machi 2024 waliziuza, pamoja na hekalu la Kirtland kule Ohio na vitu vingine, kwa dola milioni 192.5. Kwa hiyo wamisionari wakaongezewa nyumba za kufagia, na wale wazee wa upande wa pili wakarudisha funguo. Nawafikiria hao pia. Mtu amepangusa dirisha lilelile kwa miaka, halafu anaambiwa mkataba umesainiwa.

Haya, mambo ya safari. Basi linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka hapa maegeshoni, si saa moja, nawajua. Carthage tutapita wakati wa kurudi kama watoto hawajachoka. Ni kama maili ishirini na tano kutoka Nauvoo, na pale pia mtapokelewa na wamisionari. Tiketi za gari la farasi ni bure lakini zinatolewa kwenye kituo cha wageni, kwa hiyo tukishuka tunakwenda huko kwanza wote, hakuna kutawanyika. Msiwatilie fedha mkononi, hawapokei bakshishi. Mama aliyeuliza kuhusu vitumbua, pika, lete. Sijawahi kumwona mmisionari mzee akikataa chakula. Mwenye kiti cha magurudumu anijulishe leo kabla hajatoka, maana magari yale yana ngazi na lazima tujue mapema nani atahitaji msaada wa kupandishwa. Na babu zangu mafundi, vaeni suruali zinazoweza kupandishwa.

Maswali? Mzee pale nyuma, naona mkono.